Siku Kumi na Tisa Bila Moshi

Kwetu Antofagasta wingu ni la kila asubuhi
na mvua ni habari ya mwaka fulani.
Anayesema dalili ya mvua ni mawingu
hajalala hapa,
hajaamka akakuta kijivu kimetandika mkeka juu ya bahari,
mchana kikaukunja, kikaenda zake
bila kulowesha hata unyayo wa paka.

Kazi yangu ni kulihesabu wingu hilo.
Naligawa anga vijumba, kila kijumba kilomita hamsini,
na kwa kijumba kizima nina jibu moja:
maji kiasi hiki, matone idadi hii,
kama mtu anayeulizwa hali ya mji mzima
naye akajibu, "Hatujambo."
Humo ndani wingu moja linanyunya, jirani yake limekauka,
pana upenyo wa jua, pana hewa baridi inayoporomoka.
Mimi nasema: hatujambo.

Tone hukua kwa kugongana na tone.
Haba na haba; hiyo fizikia naijua.
Lakini kila tone huanza kwa kushika kitu,
punje ya chumvi, vumbi la jangwa, salfa,
na punje zikizidi, maji ni yale yale,
kibaba kimoja kwa watu elfu:
kila mmoja kalamba kidole, hakuna aliyeshiba,
hakuna aliye mzito wa kutosha kuanguka.
Wingu linang'aa, linabaki juu.
Ndivyo visemavyo vitabu.
Vitabu vingine vinasema matone madogo hukauka upesi,
wingu likakonda, likafa mapema.
Vyote ni kweli. Tatizo ni lini, na kwa kiasi gani.

Baba yangu, Eleuterio Challapa, alimimina shaba
miaka thelathini na mmoja kwenye tanuru la Cerro Pardo.
Kikohozi chake kina salfa ile ile
niliyoiandika kwenye mstari wa mia nne na kumi.

Agosti wafanyakazi waligoma.
Siku kumi na tisa dohani ilisimama
kama kidole cha mwanafunzi anayengoja kuulizwa.
Tulikesha kwenye rada, mimi na Branko Zlatar,
chai ikipoa, tukipokezana blanketi.
Siku ya saba, manyunyu!
Membamba, ya dakika ishirini,
yalitosha kutia vidoa kwenye vumbi la gari la Branko.
Alipiga kelele hata mbwa wakamwitikia.
Modeli yangu ilikuwa imesema siku ya pili, kwa saa sita.

Na siku hiyo hiyo ya saba
upepo wa kusini ulikuwa umelegea,
bahari nayo imepoa nusu nyuzi.
Nani alileta manyunyu? Mgomo? Upepo? Bahari?
Nimerudia hesabu mara arobaini.
Nikibadili namba moja, ile inayoamua
tone liache kuwa wingu liwe mvua,
namba niliyoichagua saa tisa usiku
kwa sababu ilifanya ramani ifanane na picha ya setilaiti,
mgomo unashinda.
Nikiirudisha, upepo.

Jumapili Baba aliuliza, akimenya kiazi,
"Kwa hiyo moshi wetu ndio uliowanyima watu mvua?"
Nilitamani kumwekea jibu kiganjani
kama mtoto anayerudisha chenji, kamili.
Nikasema: labda kidogo. Labda sana,
siku fulani, upepo fulani.
Akacheka, akakohoa, akafuta kisu.
"Mshahara wangu wangeulipa hivyo,
wewe usingesoma."

Usiku nikafungua mstari wa mia nne na kumi.
Kando ya namba ile, mahali ambapo hapasomwi na mtu,
nikaandika: haya ni makisio ya Yasna, si ya wingu.

Asubuhi lilikuwa pale pale dirishani, jeupe kupita kiasi.
Nikatoa mkono nje, nikangoja.
Ukarudi mkavu.
Nikaandika hilo pia.